Tangier, Mji wa Mahakama Nyingi: Wasafiri Wapenzi wa Jinsia Moja na Wenyeji Wao

0. Utangulizi

Mwaka 1325 kijana wa miaka ishirini na mmoja aliwaaga wazazi wake mjini Tangier, kaskazini mwa Moroko, akashika njia ya Makka kwenda kuhiji. Jina lake lilikuwa Ibn Battuta. Wasomaji wa Kiswahili humkumbuka hasa kwa kuwa mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa, akaacha habari za miji hiyo ambazo hadi leo hakuna mwanahistoria wa pwani awezaye kuzipita bila kuzitazama. Karne sita baada yake, Tangier ilipata sifa ya namna nyingine. Haikujulikana tena kwa msafiri aliyetoka kwake, bali kwa wasafiri walioingia. Na miongoni mwa walioingia, waliosemwa zaidi ni wanaume na wanawake wa Ulaya na Marekani ambao sheria za nchi zao, au desturi zake, ziliwatia hatiani kwa sababu walipenda watu wa jinsia yao.

Vitabu vingi vilivyoandikwa juu ya wageni hao hupenda kuuita mji ule "huru". Neno hilo halina budi kupimwa. Makala hii inauliza swali moja: Tangier ilikuwa huru kwa nani? Ili kulijibu, itaeleza kwanza jinsi mji ulivyotawaliwa, kisha sababu zilizowaleta wageni, halafu hali ya wenyeji waliokutana nao, na mwisho suala la lugha, yaani ni nani aliyepata nafasi ya kusimulia mambo hayo na kwa ulimi gani.

Neno moja lahitajika kuhusu istilahi. Kiswahili kina majina kadhaa ya kuwataja watu hao, na karibu yote ni ya matusi au dhihaka. Hata neno shoga, ambalo pwani ni jina jema la urafiki wa mwanamke na mwanamke mwenzake, limegeuzwa likawa la kumdhalilisha mwanamume. Utafiti wa historia haufai kuazima lugha ya ugomvi. Kwa hiyo hapa watatajwa kuwa "wapenzi wa jinsia moja", usemi ambao unaeleza bila kuhukumu.

1. Mji na watawala wake

Tangier imekaa kando ya mlango wa bahari wa Gibraltar, ambao penye wembamba wake maji kati ya Afrika na Ulaya hayazidi kilomita 14. Mahali pa namna hiyo hapakosi wa kupatamani. Warumi waliufanya mji huo kuwa makao makuu ya jimbo lao la Mauretania Tingitana. Waarabu waliuingia mwanzoni mwa karne ya 8, na ni kutoka pande hizo ambako Tarik bin Ziyad alivuka kwenda Hispania mwaka 711. Wareno waliuteka mwaka 1471. Kwa mkataba wa mwaka 1661 wakawapa Waingereza, ukiwa sehemu ya mali aliyokwenda nayo binti mfalme Catherine wa Braganza kwa mumewe, Charles II. Waingereza walishindwa kuushika. Mwaka 1684 waliuacha, baada ya kubomoa ngome na gati waliyoijenga wenyewe.

Katika karne ya 19 masultani wa Moroko, ambao hawakupenda wajumbe wa nchi za kigeni wakae karibu na makao yao ya ndani, waliwaweka Tangier. Mwaka 1821 Sultani Mulay Suleiman aliipa Marekani nyumba katika mji mkongwe, nayo ikawa nyumba ya kwanza ya serikali ya nchi hiyo katika nchi ya ng'ambo. Nyuma ya wajumbe walifuata wafanyabiashara, na nyuma ya hao wasanii. Mchoraji Delacroix alipita mwaka 1832. Matisse alifanya kazi humo mwaka 1912 na 1913.

Mwaka 1906 mataifa yalikutana Algeciras, ng'ambo ya maji, yakatangaza kwamba yote yatakuwa na haki sawa ya biashara katika Moroko. Msomaji wa Kongo ataitambua sauti hiyo. Ni ileile iliyosikika Berlin mwaka 1885, bonde la Kongo lilipotangazwa kuwa eneo la biashara huria, pasipo mwenyeji hata mmoja kuulizwa. Mwaka 1912 Ufaransa na Hispania ziligawana Moroko kwa jina la ulinzi, lakini Tangier ilibaki bila mwenyewe mmoja, kwa kuwa Uingereza haikukubali dola kubwa iishike ng'ambo ya ngome yake ya Gibraltar. Ndipo mwaka 1923 Ufaransa, Hispania na Uingereza zilipotia saini mkataba ulioufanya mji huo na viunga vyake kuwa eneo la kimataifa. Mkataba ulianza kutumika mwaka 1925, na Italia ikajiunga mwaka 1928. Isipokuwa miaka ya vita, kuanzia Juni 1940 hadi Oktoba 1945, ambapo majeshi ya Hispania yaliukalia, utawala huo uliendelea hadi tarehe 29 Oktoba 1956.

Muundo wa utawala huo ndio ufunguo wa habari yote. Juu palikuwa na Kamati ya Usimamizi iliyoundwa na makonsuli wa mataifa. Chini yake palikuwa na baraza la kutunga sheria lenye wajumbe wa mataifa mbalimbali pamoja na Waislamu na Wayahudi wa Moroko. Sultani aliwakilishwa na Mendub, ambaye ndiye aliyewatawala raia wa Moroko. Wageni walihukumiwa na Mahakama ya Mchanganyiko, yenye mahakimu wa Ulaya. Mmarekani alibaki chini ya mahakama ya konsuli wake. Mwislamu wa Moroko alikwenda kwa Mendub, na Myahudi wa Moroko alikuwa na mahakama ya marabi kwa mambo ya dini na ukoo. Palikuwa na ofisi za posta za Waingereza, Wafaransa na Wahispania. Faranga na peseta zilitumika bega kwa bega, fedha za nchi yoyote zilibadilishwa bila kizuizi, wala hapakuwa na kodi ya mapato. Kwa ufupi, watu wawili waliokutwa katika jambo moja, chumba kimoja, usiku mmoja, waliweza kupelekwa mbele ya mahakimu wawili na kupimwa kwa sheria mbili.

Wakazi nao walikuwa mchanganyiko wa kweli. Kiarabu cha Moroko kilisikika pamoja na Kiberiberi cha watu wa Rif, walioteremka kutoka milimani kila mwaka wa ukame. Kihispania kilikuwa lugha ya mitaa mingi, maana Wahispania maskini walikuwa wengi, na wakimbizi wa vita vya 1936 hadi 1939 waliwaongeza. Wayahudi, wazao wa waliofukuzwa Hispania mwaka 1492, walikuwa na lugha yao ya Haketia, yaani Kihispania cha kale kilichochanganyika na Kiebrania na Kiarabu. Katika kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Andrea, Sala ya Bwana imechongwa kwa Kiarabu juu ya tao la madhabahu. Mji wa namna hiyo ulimzoeza mkazi wake kuona mtu wa mila nyingine akipita njiani bila kumwuliza aendako. Hata hivyo, mazoea hayo yasichukuliwe kuwa sheria.

2. Sababu za kuja kwa wageni

Haiwezekani kuielewa Tangier ya wageni bila kuzitazama nchi walizotoka. Uingereza ilitunga mwaka 1885 sheria iliyolifanya karibu kila tendo la mapenzi kati ya wanaume kuwa kosa, hata likifanywa faraghani na kwa ridhaa. Kwa sheria hiyo mwandishi Oscar Wilde alifungwa mwaka 1895 miaka miwili pamoja na kazi ngumu. Katika Marekani, hadi Illinois ilipobadili sheria yake mwaka 1961, hapakuwa na jimbo hata moja ambalo halikuadhibu matendo hayo. Mwaka 1953 Rais Eisenhower alitoa amri iliyowafungia wapenzi wa jinsia moja mlango wa kazi za serikali kuu. Hispania ya Jenerali Franco iliongeza jina lao mwaka 1954 katika sheria ya wazururaji na wahuni. Kwa watu hao, hofu haikuwa jambo la kuwazia. Ilikuwa barua ya polisi, kufukuzwa kazi, jina kuchapwa gazetini.

Mmoja wa waliotangulia alikuwa Edward Westermarck, mwanazuoni wa Ufini aliyefundisha London. Alifika Moroko mara ya kwanza mwaka 1898, akarudi tena na tena kwa miaka mingi, akiongozwa na rafiki yake wa Moroko, Abdessalam el-Baqqali, ambaye bila yeye kitabu chake kikubwa cha mwaka 1926 juu ya mila na imani za Moroko kisingepatikana. Katika kazi yake juu ya asili ya fikra za maadili, iliyotoka kati ya mwaka 1906 na 1908, Westermarck aliweka sura nzima juu ya mapenzi ya jinsia moja. Humo alionyesha kwamba hukumu za watu juu ya jambo hilo zimetofautiana kwa zama na kwa mataifa. Wakati huo, kusema hivyo lilikuwa jambo la ujasiri.

Mwanamuziki na mwandishi Paul Bowles wa Marekani alifika mwaka 1931, kwa ushauri wa Gertrude Stein, akarudi kuishi mwaka 1947, akakaa hadi kufa kwake mwaka 1999. Mkewe Jane, mwandishi pia, alimfuata mwaka 1948. Ndoa yao ilikuwa ya upendo na ya kazi, ingawa kila mmoja alivutwa na watu wa jinsia yake. Baadaye walikuja Truman Capote, Tennessee Williams, na David Herbert, mwana wa ukoo wa kilodi wa Uingereza, aliyefanya mji huo kuwa kwake. William Burroughs alifika mwaka 1954, akaandikia katika hoteli ya Muniria sehemu kubwa ya kitabu kilichochapwa Paris mwaka 1959. Marafiki zake Kerouac na Ginsberg walimfuata mwaka 1957. Si kila mmoja alikimbia sheria ileile. Burroughs alikuwa amemwua mkewe kwa risasi katika jiji la Mexico mwaka 1951, na watu wa aina nyingi, wafanya magendo na wapelelezi wakiwamo, walijificha katika mji uleule.

Je, wageni hao walipata nini? Hapakuwa na sheria ya Tangier iliyotamka kwamba mpenzi wa jinsia moja ana haki fulani. Walichopata ni pengo. Mamlaka zilikuwa nyingi, kila moja ikimlinda mtu wake na kumwachia jirani yake kazi ya kukemea. Zaidi ya hayo, fedha yao ilikuwa na nguvu kuliko wao wenyewe. Posho ambayo Burroughs alipelekewa na wazazi wake kila mwezi, kwao isingemfanya tajiri. Tangier ilimpa chumba, chakula na watumishi. Kwa hiyo kile walichokiita uhuru kilisimama juu ya miguu miwili: mahakama nyingi na bei nafuu. Hakuna hata mmoja kati ya miguu hiyo uliokuwa wa mwenyeji.

3. Wenyeji waliokuwa wakiwangoja

Mwaka 1945 ukame mkubwa uliikumba Moroko, na njaa yake ilifuatwa na vifo. Tayari kabla ya hapo familia nyingi za Rif zilikuwa zimeshuka Tangier kutafuta mkate. Katika mojawapo alikuwamo mtoto Mohamed Choukri, aliyezaliwa mwaka 1935. Alilala makaburini na vituoni, akabeba mizigo, akauza sigara za magendo, wala hakujua kusoma hadi alipofikia miaka ishirini. Katika tawasifu yake anasimulia, bila kujisitiri, jinsi siku moja mzee mmoja wa Kihispania alivyomchukua katika gari lake, akamtumia, kisha akamlipa. Kijana hakuona hapo mapenzi wala uhuru. Aliona kwamba mwili wake nao unaweza kuuzwa sokoni kama alivyouza vinginevyo, na ujuzi huo ulimtia uchungu.

Ushahidi huo haufai kupunguzwa. Baadhi ya wageni waliwatafuta vijana wadogo mno, ambao kwa kipimo chochote cha haki hawakuweza kutoa ridhaa, wakajiambia kwamba ndiyo desturi ya nchi. Hiyo haikuwa desturi ya nchi. Ilikuwa njaa ya nchi. Mtu aliyedhulumiwa kwao anaweza kudhulumu ugenini, na kosa alilotendewa halifuti alilolitenda. Wala si haki kulitia jambo hilo hesabuni kana kwamba ndilo tabia ya wapenzi wa jinsia moja kwa jumla. Makoloni yalijaa wanaume waliowatendea wasichana vivyo hivyo, na historia imewataja kwa nadra kuliko hao.

Kwa upande mwingine palikuwa na uhusiano uliopita mipaka ya kununua na kuuza. Jane Bowles alimpenda mwanamke wa mashambani aitwaye Cherifa, muuza nafaka katika soko kubwa. Alijifunza Kiarabu cha Moroko ili aweze kusema naye, na hatimaye nyumba ya akina Bowles karibu na Kasba ikawa mali ya Cherifa. Wageni walicheka, wakasema mwanamke yule ni mlafi na mchawi. Mwaka 1957, Jane alipopata kiharusi akiwa na umri wa miaka arobaini, uvumi ulimshtaki Cherifa kwamba amemtilia sumu, bila ushahidi wowote. Barua za Jane zimehifadhiwa na kuchapwa. Cherifa hakujua kuandika. Kwa hiyo upande wake wa mapenzi hayo, mapatano yake, hesabu yake na huruma yake, haumo katika kumbukumbu. Kila linalosemwa juu yake limesemwa na wengine, na wengi wao hawakumpenda.

4. Baada ya mwaka 1956

Tarehe 9 Aprili 1947 Sultani Mohammed V alisimama Tangier, akatoa hotuba ya kudai umoja wa nchi yake. Kiwanja kikubwa cha soko sasa kinaitwa kwa tarehe hiyo. Kwa wenyeji, eneo la kimataifa halikuwa ndoto nzuri. Lilikuwa fedheha ya kutawaliwa na mataifa kadhaa kwa pamoja. Uhuru ulipokuja mwaka 1956, utawala mpya ulikusudia kuusafisha mji, na katika usafi huo magendo, ukahaba na mapenzi ya jinsia moja viliwekwa katika kapu moja la uchafu wa kikoloni. Si ajabu. Kwa muda wa miaka thelathini jambo hilo lilikuwa limeonekana mitaani likiwa limevaa nguo za mgeni na mkoba wake.

Kisa cha mchoraji Ahmed Yacoubi, mwenyeji wa Fes na rafiki wa karibu wa Paul Bowles, chaonyesha mzigo ulimwangukia nani. Mwaka 1957 polisi walimkamata kwa shitaka la mwenendo mbaya na kijana wa Kijerumani. Alikaa gerezani akingoja kesi, na mwaka 1958 mahakama ilimwachilia huru. Wakati kesi ikingojwa, akina Bowles, wakihofia wao pia kuitwa, waliondoka wakaenda Ureno. Hakuna haja ya kuwalaumu kwa ukali. Mtu yeyote mwenye hofu hukimbia akiwa na pa kukimbilia. Jambo la kuangalia ni kwamba wao walikuwa na pasipoti na nauli, naye hakuwa nazo.

Mwaka 1962 Moroko ilipata sheria mpya ya jinai. Kifungu chake cha 489 kinatoa adhabu ya kifungo cha miezi sita hadi miaka mitatu kwa matendo ya mapenzi kati ya watu wa jinsia moja, nacho kingali kikitumika. Historia ikageuza uso. Mwandishi wa tamthilia Joe Orton wa Uingereza alipumzika Tangier katika miezi ya kiangazi ya mwaka 1967. Tarehe 27 Julai mwaka huohuo, akiwa amerudi London, sheria ya Uingereza na Wales ilibadilishwa, na wanaume wawili wenye umri wa miaka 21 na zaidi wakaruhusiwa kupendana faraghani. Siku kumi na tatu baadaye Orton aliuawa na mwenzi wake. Hispania nayo iliwaondoa wapenzi wa jinsia moja katika sheria yake ya watu wa hatari mwanzoni mwa mwaka 1979, na mwaka 2005 ikawaruhusu kufunga ndoa. Kwa hiyo zile kilomita 14 za maji zilibaki palepale, ila mkondo ulipinduka. Zamani mpenzi wa jinsia moja alitoka kaskazini akaenda kusini kutafuta hifadhi. Siku hizi anayeihitaji hutazama kutoka kusini kwenda kaskazini, na mlango anaokuta haukufunguliwa kwa wepesi kama ule aliofunguliwa mwenzake.

5. Nani asimulie, na kwa lugha gani

Kwa wanafunzi wa lugha, sehemu hii ndiyo yenye uzito zaidi. Kwa miaka mingi Tangier iliandikwa na wageni kwa Kiingereza, Kifaransa na Kihispania, na ndani ya vitabu vyao mwenyeji alikuwa kivuli: mtumishi, mwuza kahawa, kijana wa usiku asiye na jina la pili. Paul Bowles, pamoja na mapungufu yake, alianza kulibadilisha jambo hilo. Aliwaketisha wasimulizi wasiojua kusoma mbele ya mashine ya kunasa sauti, wakatamba hadithi zao kwa Kiarabu cha Moroko, naye akazigeuza kwa Kiingereza. Hivyo kilitoka mwaka 1964 kitabu cha Larbi Layachi, kilichotolewa kwa jina la Driss ben Hamed Charhadi, na mwaka 1967 kitabu cha kwanza cha Mohammed Mrabet, ambacho mhusika wake mkuu ni kijana wa Tangier anayeishi na Mwingereza huku akimpenda msichana wa jirani. Kwa mara ya kwanza mgeni alitazamwa kutoka upande wa pili wa meza. Hata hivyo, kinywa kilikuwa cha mmoja na kalamu ya mwingine, na wapenzi wa fasihi simulizi wanajua vema kwamba katika safari hiyo ya kutoka kinywani hadi kalamuni kuna mengi yanayodondoka na mengi yanayookotwa.

Choukri alikwenda mbali zaidi. Baada ya kujifunza kusoma, akawa mwalimu na mwandishi. Tawasifu yake, Al-Khubz al-Hafi, yaani mkate usio na kitoweo, aliiandika kwa Kiarabu sanifu, akamfasiria Bowles kwa mdomo, akitumia Kihispania na Kiarabu cha mitaani. Kitabu kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1973. Kwa Kifaransa, kwa kalamu ya Tahar Ben Jelloun, mwaka 1980. Na kwa Kiarabu mwaka 1982. Mwaka 1983 serikali ilikipiga marufuku, na marufuku hayo yalidumu hadi mwaka 2000. Basi dunia nzima iliweza kusoma habari za njaa ya Tangier kabla ya watu wa Tangier kuruhusiwa kuzisoma.

Lakini Choukri hakutosheka kujieleza mwenyewe. Mwaka 1968 alikutana mjini na Jean Genet, mwandishi wa Ufaransa ambaye sasa amezikwa Larache, mji jirani. Mwaka 1973 alikutana na Tennessee Williams. Aliandika kitabu juu ya kila mmoja wao, na mwaka 1996 akaandika kitabu kikali juu ya Bowles, ambamo alimlaumu kwamba aliipenda Moroko bila kuwapenda sana watu wake. Lawama hiyo inaweza kujadiliwa. Lisilojadilika ni kwamba mtoto aliyelala makaburini sasa ndiye aliyekuwa akiwachunguza wageni, kuwapima na kuwaandika.

Wala mwenyeji hakuwa wa aina moja. Ángel Vázquez, Mhispania mpenzi wa jinsia moja, alizaliwa Tangier mwaka 1929, hakuja kuitembelea. Riwaya yake ya mwaka 1976 imeandikwa kwa kile Kihispania cha mji kilichojaa Haketia, Kifaransa na Kiarabu, kana kwamba alitaka kuiokoa lugha ambayo wasemaji wake walikuwa wakipanda meli mmoja baada ya mwingine. Yeye mwenyewe alifia Madrid mwaka 1980. Mji wake haukuwa hifadhi wala utalii. Ulikuwa kwao, nao ukampotea.

Katika kizazi cha baadaye, Abdellah Taïa, aliyekulia Salé na kuzaliwa mwaka 1973, alikuwa mwandishi wa kwanza wa Moroko mwenye jina kubwa kusema hadharani, katika magazeti ya nchini mwake kati ya mwaka 2006 na 2007, kwamba anapenda watu wa jinsia yake. Hakuwa mgeni, wala hakuazima pasipoti ya mtu. Vitabu vyake, ingawa ni vya Kifaransa, vinakataa simulizi mbili kwa pamoja: ile ya mgeni inayomfanya kijana wa Moroko kuwa tunda la safari, na ile ya nyumbani inayodai kwamba jambo hili lililetwa na mgeni. Pamoja na watu kama yeye, katika magazeti ya Kiarabu limezidi kuenea neno mithli mahali pa matusi ya zamani. Msomaji wa Kiswahili halihitaji kamusi ya Kiarabu kulielewa. Ni mzizi uleule uliotupa neno mithili: aliye kama, aliye sawa na.

6. Hitimisho

Tangier ilikuwa huru kwa nani? Kwa mgeni, ilikuwa hifadhi ya kweli, na haifai kudharau hifadhi ya mtu aliyekuwa akitishiwa gereza kwao. Kwa mwenyeji, mlango huohuo ulikuwa wa biashara ambayo masharti yake hakuyaandika, na siku ulipofungwa alibaki ndani. Mchanganyiko wa mila ulifanya watu wavumiliane barabarani. Haukuwapa haki sawa mahakamani. Mambo hayo mawili hufanana kwa macho, lakini la kwanza hutegemea hali ya siku na la pili hutegemea sheria. Mji unaovumilia kwa sababu mamlaka zake ni nyingi huacha kuvumilia mara tu mamlaka inapokuwa moja.

Ibn Battuta, aliporudi kutoka safari zake, hakuandika kitabu chake kwa mkono. Alisimulia mjini Fes, na mwandishi aitwaye Ibn Juzayy akayatia maneno yake karatasini, wakamaliza mwaka 1355. Tangu zamani, basi, mtu wa Tangier alisema na mwingine akaandika. Larbi Layachi alisema, Mrabet alisema, Cherifa alisema na hakuna aliyeandika. Choukri alijifunza alfabeti akiwa mtu mzima, akashika kalamu mwenyewe. Historia ya wasafiri wapenzi wa jinsia moja katika mji ule haitakamilika mpaka na wenyeji wao, wale waliopenda na wale waliouzwa, waisome, waisahihishe, na waiandike kwa lugha zao.